Wimbo wa Chumbani na Sauti ya Ugogo

Nimesikilizishwa wimbo ambao kijana mmoja wa mjini Dodoma ameutunga, ameuimba na kuurekodi mwenyewe chumbani mwake, kwa kompyuta moja na maikrofoni moja. Kuta alizifunika kwa mablanketi, na kazi yote aliifanya usiku, kwa kuwa mchana bati hulia kwa joto, na upepo wa nyanda zile haumpi mtu nafasi. Beti ni za Kiswahili, nazo zina mizani. Kiitikio ni cha Kigogo, kikifuatana na ilimba. Utunzi wake wastahili sifa. Lakini kiitikio, masikioni, si cha Ugogo tena, na kosa halimo katika koo la mwimbaji.

Ngazi ya sauti za Wagogo hufuata zile sauti za juu zizaliwazo ndani ya sauti moja nene, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Mtu akiugusa uzi wa zeze kwa wepesi, bila kuukandamiza, aweza kuzisikia. Katika hizo, ya saba iko chini ya ile iliyo karibu nayo katika piano kwa kadiri ya theluthi moja ya nusu toni. Sikio lililolelewa Chamwino huitarajia hapo hapo ilipo. Programu ya kunyosha sauti, ikiwa imepangwa kwa kipimo cha piano, huihesabu kuwa imekosewa, ikaipandisha. Nilipomwuliza kijana kwa nini aliiwasha, alijibu kwamba wote huiwasha. Basi aliimba sawasawa, kisha akasahihishwa!

Ilimba nayo imedhulumiwa. Tundu lake hufunikwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo, na baadhi ya vyuma vyake havipigwi kabisa, bali huitikia vyenyewe vipigwapo vingine. Mvumo huo kijana ameuchuja akidhani ni kelele za maikrofoni. Na asiseme kwamba ni unyonge wa vyombo vyake. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoa *Chibite* mwaka 1996 kwa kampuni ya Real World ya Uingereza, ambako vyombo vya kuchujia havikukosekana; na mvumo umo.

Liko jambo la tatu, nalo lawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili. J. H. Kwabena Nketia alipochapisha mwaka 1967 uchunguzi wake juu ya uimbaji wa Wagogo, alichoshughulikia ni namna sauti nyingi zinavyopangwa pamoja. Kijana wetu ameimba sauti zote nne peke yake, moja juu ya nyingine, na kila moja ameikata palepale neno linapokwisha. Hakuna anayemwahi mwenziwe wala anayemngoja. Mafundi huiita kazi hii kuchanganya. Neno hilo latosha kwa mchanga na saruji. Kwa sauti za watu ningependelea kupatanisha, ingawa sitarajii mafundi wanisikilize.

Nimemshauri awaite wenzake watatu, wasimame kuizunguka maikrofoni ileile moja, waimbe kwa pamoja. Amekubali, na programu ameahidi kuizima. Juu ya utando wa buibui bado twabishana.