Kalamu ya Katikiro

Msomaji wa ushairi wa pwani hana ugeni na suala la mtungaji na mtawala wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa tunamkumbuka pamoja na Wamazrui, na sehemu ya heshima tunayompa inatokana na kwamba kalamu yake haikuhamia kwa wapinzani wao. Ndivyo tulivyozoea kupima. Mtu wa barazani husifiwa kwa kubaki, na anayehama hutiwa katika kundi la wachumia tumbo. Kipimo hicho chatufaa katika tungo, lakini kuna vitabu ambavyo mbele yake hakitoshi. Kimoja ni Ekitabo kya Basekabaka be Buganda, yaani kitabu cha wafalme wa Buganda waliokwisha kufa, alichokitoa Apolo Kagwa kwa Kiganda mwaka 1901. M.S.M. Kiwanuka alikifasiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikachapishwa Nairobi mwaka 1971. Mwandishi wake hakuwa mtazamaji. Alikuwa Katikiro, waziri mkuu wa nchi, na mfalme mmoja kati ya hao aliowaandika alishiriki kumwondoa katika kiti.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kagwa alizaliwa mnamo mwaka 1865, akalelewa katika utumishi wa jumba la kifalme. Mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipowaua vijana wa Kikristo wa jumba lake, Kagwa alipigwa lakini akaachwa hai, na baada ya muda akapandishwa cheo katika ghala la mfalme huyohuyo. Septemba 1888 wakuu wa Kikristo na wa Kiislamu waliungana kumng'oa Mwanga, wakamtawaza nduguye Kiwewa, na Kagwa akapewa cheo cha Mukwenda, mtawala wa jimbo la Ssingo. Mwezi uliofuata Wakristo wakafukuzwa mjini, Kagwa akakimbilia Ankole, na muda si mrefu Kalema akashika mahali pa Kiwewa. Mwaka 1889 Wakristo walirudi vitani na jina lao la kupigania likawa lilelile la Mwanga. Aliporudishwa kitini, Kagwa alikuwa ndiye Katikiro wake. Miaka minane baadaye, Julai 1897, Mwanga aliwaasi Waingereza. Katikiro akachagua upande wa Waingereza, akatoa askari dhidi ya bwana wake, na tarehe 14 Agosti mtoto wa mfalme, Daudi Chwa, mwenye umri wa mwaka mmoja, akatangazwa Kabaka. Kagwa akawa mmoja wa wasimamizi watatu waliotawala kwa niaba ya mtoto huyo hadi mwaka 1914. Ukatikiro hakuuacha mpaka mwaka 1926, alipojiuzulu kufuatia mzozo na ofisa wa Kiingereza kuhusu vibali vya pombe. Alifariki Nairobi Februari 1927.

Hesabu hiyo, ikisomwa kwa haraka, ni ya mtu aliyegeuka kila upepo ulipogeuka. Lakini Buganda si nchi ya kwanza kuzaa mtu wa namna hiyo, na mfano mmoja wa mbali utatusaidia kuona vizuri zaidi. Nchini China, katika karne ya 10, wababe wa vita walipokuwa wakinyang'anyana nchi na nasaba tano zikapokezana kiti katika muda wa miaka 53, aliishi ofisa mmoja aliyeitwa Feng Dao (882–954). Alianza kwa Liu Shouguang, mbabe wa kaskazini, ambaye alimtia kifungoni kwa sababu ya kumshauri asiende vitani. Kisha akahamia kwa hasimu wa Liu, naye ni Li Cunxu, mwanzilishi wa nasaba ya Tang ya Baadaye. Kuanzia hapo aliwatumikia watawala wa nasaba nne, na kati yao Wakhitani walipouteka mji mkuu mwaka 947 aliwatumikia hao pia. Uzeeni aliandika habari za maisha yake, akavipanga vyeo vyake vyote bila ya kuona haya. Baada ya miaka mia moja hivi, mwanahistoria Ouyang Xiu alimhukumu kwamba ni mtu asiyejua aibu, na hukumu hiyo ndiyo iliyoshika. Hata hivyo, kuanzia mwaka 932 hadi 953, Feng Dao ndiye aliyesimamia kazi ya kuchonga na kupiga chapa maandiko matukufu ya mafunzo ya Konfusio. Wafalme walikuja na kuondoka, mabao ya chapa yakaendelea kuchongwa. Wasomi waliomlaani baadaye walikuwa warithi wa vitabu alivyovieneza.

Kagwa naye alikuwa mtu wa chapa. Alijipatia mtambo wake, akatoa vitabu juu ya mila, koo na ngano za Waganda, na kasisi John Roscoe alipokuwa akikusanya habari za kitabu chake The Baganda, kilichotoka mwaka 1911, ni Katikiro aliyemletea wazee wa kumhadithia. Kabla ya hapo kumbukumbu ya wafalme ilikuwa kwa walinzi wa makaburi, wazee wa koo na wapiga ngoma wa jumba. Kila mmoja alishika kipande chake. Kagwa aliviweka vipande hivyo pamoja katika maandishi wakati wenyewe walikuwa wakifa, nchi ikiwa imetoka katika vita visivyopungua mwongo mmoja.

Sasa tukitazame kitabu kwa jicho la uhakiki. Anayetafuta hadithi tamu atachoka mapema, kwa kuwa mwendo wa kitabu ni wa orodha. Kwa kila mfalme yanatajwa ukoo wa mama yake, wake zake, watoto wake, wakuu wake na mahali alipozikwa, kisha inafuata habari ya vita vyake na matendo yake, halafu mfalme wa pili anaingia kwa mpango uleule. Mpango huo si wa bahati mbaya. Kabaka hakuwa na ukoo wa baba kama raia wake. Aliuchukua ukoo wa mama, na kwa njia hiyo kila ukoo uliweza kutumaini kutoa mfalme. Kumtaja mama na ukoo wake ni kuiweka nchi nzima ndani ya jumba. Msomaji aliyelelewa na tenzi, aliyezoea kumwona mtunzi akitaja jina la baba, la babu na la mji kabla ya kumaliza, ataitambua haraka nguvu ya kutaja. Jina lililoandikwa lina haki ya kudai.

Na madai yenyewe hayakuwa ya heshima peke yake. Mkataba wa Buganda ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900, Kagwa akiwa wa mbele kati ya watiaji saini. Katika mkataba huo maili za mraba 8,000 ziliwekwa kando zigawiwe wakuu na watu binafsi wapatao 1,000, na ardhi ya namna hiyo inaitwa mailo hadi leo. Kitabu cha wafalme kilitoka mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo kujua babu wa nani alipewa kilima kipi na Kabaka yupi kulikuwa ni kujua nani atalala na shamba na nani atalala bila shamba. Kwa hiyo orodha zinazomchosha msomaji wa leo zilisomwa wakati ule kwa moyo wa kupapatika, na mwenye kuzipanga alikuwa mmoja wa waliofaidika zaidi. Hatusemi kwamba alighushi. Tunasema kwamba mizani na bidhaa vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Hapa ndipo inapoonekana tabia halisi ya uaminifu wake. Kagwa alikuwa mwaminifu kwa kiti, hakuwa mwaminifu kwa aliyekikalia. Fikra hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu: wafalme hupita mmoja baada ya mwingine katika safu iliyonyooka, na kinachobaki ni Buganda. Ni fikra iliyomwezesha kuwaandika Mwanga, Kiwewa na Kalema katika safu moja, waliopigana wao kwa wao, bila ya kumfuta hata mmoja. Mshindi mwingine angeweza kumtoa Kalema kitabuni kwa kuwa alikuwa adui wa dini yake, na Mwanga kwa kuwa alikuwa adui wa serikali yake. Kwa hilo apewe haki yake. Lakini fikra hiyohiyo ndiyo inayoupofusha upande mmoja wa kitabu. Mfalme akishageuzwa kuwa zamu katika safu, sauti yake binafsi haina mahali pa kusikika. Mwanga hakuacha kitabu. Aliyeandika kitabu ni yule aliyekwenda kumpiga vita.

Nayaandika haya nikiwa Sengerema, na mahali hapa panayo sehemu katika kisa hicho. Mwanga alipong'olewa mwaka 1888 alikuja kusini kwa mitumbwi, akafikia Magu kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliomweka nusu mgeni nusu mateka, kisha akaponyokea Bukumbi kwa Mapadri Weupe. Bukumbi iko ng'ambo ya ghuba, mkabala na huku kwetu, si mbali na Kigongo, ambako tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limechukua kazi ya kivuko cha kuja Busisi. Katika miaka hiyohiyo Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana, aliyefukuzwa Buganda, alikuwa Usambiro, kusini mwa ziwa, na huko ndiko alikofariki Februari 1890. Mwaka 1889 Mwanga aliondoka pwani hii kwa mashua ya mfanyabiashara Charles Stokes kwenda kukidai kiti. Mwaka 1897 akarudi mara ya pili, safari hii akiwa mfungwa wa Wajerumani mjini Mwanza, akatoroka, akaungana na Kabalega wa Bunyoro, na wote wawili wakakamatwa Aprili 1899. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903.

Miezi hiyo ya ukimbizi ndiyo ingetupa Mwanga aliye mtu: mfalme kijana asiye na ngoma, anayekula chakula cha kupewa, anayepima ni mgeni yupi wa kumwamini. Lakini kwa mwandishi aliyeko Mengo pwani ya kusini ni mahali ambapo mfalme hayupo, na mfalme asipokuwepo kitini habari humfuata aliyepo. Yaliyoandikwa juu ya siku zake za huku yanatoka zaidi katika shajara na barua za wamisionari, nao walikuwa na hesabu zao. Kwa jinsi hiyo mfalme mmoja amefika kwetu kwa mikono ya watu wa aina mbili, waliomtaka abatizwe na waliomtaka aondoke.

Mwaka 1910 mifupa ya Mwanga ilirudishwa Buganda ikazikwa Kasubi, penye kaburi la baba yake Mutesa. Aliyekuwa Katikiro siku hiyo ni Kagwa. Kwa kipimo tulichoanza nacho, cha kubaki na kuhama, tukio hilo lingekuwa unafiki mtupu. Kwa kipimo cha kitabu chake lilikuwa jambo la lazima: orodha haikamiliki mpaka kaburi litajwe. Nadhani vipimo vyote viwili vina haki, na mhakiki asikubali kimoja kikifute kingine. Ouyang Xiu alikosa alipomhukumu Feng Dao kwa vyeo akayasahau mabao ya chapa, na sisi tutakosa tukimshukuru Kagwa kwa kitabu tukayasahau majeshi ya 1897.

Pembeni mwa kitabu hicho kuna funzo linalotugusa sisi wa kusini mwa ziwa. Watawala wa Buzinza, wa ukoo wa Wahinda, nao walikuwa na kiti, na washauri waliojua nani alimzaa nani na nani alipewa kilima kipi. Hawakupata Katikiro mwenye mtambo wa chapa, mwaminifu wala msaliti. Kijana wa Sengerema anayetaka kujua habari za jumba la Wahinda hutafuta wageni waliopita, au hukaa na mzee mmoja mmoja katika vijiji vya Buchosa. Mbele ya hasara ya namna hiyo, kitabu cha mtu aliyewatumikia mahasimu ni hazina, nasi tukisome kwa heshima na kwa tahadhari. Anayekishika akifika kwenye sura za Mwanga na ajiulize kila ukurasa mfalme alikuwa wapi siku hiyo, na nani aliyekuwa naye. Mara nyingi atajikuta anaangalia upande huu wa ziwa, na wazee wa upande huu bado wanaweza kuulizwa.