Deni na Hukumu katika Mother India

Mchezo wa sinema uitwao Mother India, alioutengeneza Mehboob Khan mwaka 1957, aghalabu husifiwa kwa machozi yake. Sisi twausifu kwa hesabu yake.

Kisa chatokana na deni la rupia 500, alizokopa mama mkwe wa Radha kwa ajili ya arusi. Sukhilala, mkopeshaji, ajua kusoma. Wadeni wake hawajui. Basi robo tatu ya mavuno humwendea yeye kuwa riba, na deni lenyewe halipungui. Birju, mwana wa Radha, akawa haramia. Akamwua Sukhilala, akazichoma daftari zake, kisha akamteka binti yake siku ya arusi. Hapo mama akampiga mwanawe risasi.

Yamkini mtazamaji ataona kwamba mnyonge ameadhibiwa mara ya pili. La, sivyo. Radha hakuzililia daftari. Alimtetea msichana asiye na kosa. Dhuluma ya baba haihalalishi kumdhulumu binti.

Nargis, aliye Radha, na Sunil Dutt, aliye Birju, wote wawili walizaliwa mwaka 1929. Hata hivyo, Nargis azeeka mbele ya macho yetu, tukasadiki kuwa ndiye mama. Dutt, kwa upande wake, hupaza sauti mno pale ambapo kunyamaza kungetisha zaidi.

Mwishoni maji ya mfereji mpya yageuka mekundu. Neema imefika kijijini, na gharama yake mama aijua.