Upekee Usiotosha: Uhakiki wa Modeli ya Kitu Pekee katika Uunganishaji wa Data

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki dhana iliyozoeleka katika uandaaji wa programu: kwamba modeli ikiundwa kama kitu pekee, yaani singletoni, data inayoonekana kwenye skrini itakuwa daima ileile iliyomo katika kumbukumbu ya programu. Dhana hii ina mvuto kwa sababu inaahidi chanzo kimoja cha ukweli. Hata hivyo, hitilafu nyingi za uunganishaji wa data huzuka palepale ahadi hiyo inapoaminiwa bila kuchunguzwa. Mifano inatokana na WPF, kiunzi cha Microsoft kilichotolewa mwaka 2006 pamoja na .NET 3.0. Hoja inayotetewa ni kwamba ruwaza ya kitu pekee hujibu swali la idadi, ilhali uunganishaji wa data huuliza maswali mengine matatu: ni kitu kipi, kinatangazaje mabadiliko yake, na kinaishi kwa muda gani.

2.0 Misingi ya Ruwaza Mbili

Ruwaza ya kitu pekee ilipata umaarufu kupitia kitabu cha Design Patterns cha mwaka 1994, kilichoandikwa na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, na kilichoorodhesha ruwaza 23. Humo singletoni inapewa kazi mbili: kuhakikisha klasi ina kitu kimoja tu, na kutoa njia ya kukifikia kutoka popote. Kitabu hichohicho kinaeleza ruwaza ya mtazamaji, ambamo kitu kinachobadilika huwaarifu wote wanaokitegemea. Uunganishaji wa data umejengwa juu ya ruwaza hii ya pili, wala si juu ya ile ya kwanza. Mzizi wake unarudi hadi MVC, aliyoibuni Trygve Reenskaug huko Xerox PARC mwaka 1979, ambamo modeli ilitenganishwa na mwonekano. Anayetarajia singletoni ifanye kazi ya mtazamaji anaidai ruwaza jambo ambalo haikuliahidi.

3.0 Uchambuzi wa Hitilafu

Tuchukue mfano wa kubuni wa programu ya duka la dawa. Klasi Ghala ina sifa Idadi, na kitu chake hufikiwa kwa Ghala.Pekee. Mfamasia akitoa dawa, msimbo hupunguza Idadi, lakini skrini inaendelea kuonyesha tarakimu ya zamani. Mgonjwa anaahidiwa dawa ambayo haipo tena rafuni. Vibaya zaidi, tarakimu hiyo ikihifadhiwa tena kutoka kwenye skrini, inafuta ile iliyo sahihi.

3.1 Utambulisho

Chanzo cha kwanza ni kuwapo kwa vitu viwili. Mwandaaji anapoitangaza Ghala kama rasilimali ndani ya XAML, kiunzi hujaribu kuunda kitu kipya, na kwa hilo huhitaji kiundaji cha wazi kisicho na vigezo. Kiundaji kikiwa cha siri, kama ruwaza inavyotaka, kosa hujitokeza mara moja. Wengi hulinyamazisha kwa kukifanya kiundaji kuwa cha wazi. Hapo ndipo upekee unapovunjika: skrini inaunganishwa na Ghala moja, msimbo unabadilisha nyingine, na hakuna ujumbe wowote wa kosa, kwa kuwa kila upande unafanya kazi yake ipasavyo. Tiba sahihi ni kurejelea kitu kilichokwisha kuwapo kwa kutumia x:Static, na kukirudisha kiundaji katika hali ya siri.

3.2 Taarifa

Chanzo cha pili ni ukimya wa modeli. Hata kitu kikiwa ni kilekile, skrini haitajua kuwa Idadi imebadilika mpaka klasi itekeleze INotifyPropertyChanged na kutoa tukio lake. Jina la sifa lililokosewa herufi moja ndani ya tukio hilo halisababishi programu kusimama. Skrini hubaki ilivyo. Kwa sababu hiyo CallerMemberName ya C# 5 na nameof ya C# 6 zina thamani kubwa kuliko udogo wake unavyodokeza.

Baadhi ya waandaaji huondoa DataContext na kuirudisha ili skrini isome upya. Mbinu hii haifai kuwa tiba, lakini inafaa kuwa kipimo: ikiwa thamani mpya inaonekana, kitu ni kilekile na kilichokosekana ni taarifa, ikiwa haionekani, kuna sababu ya kushuku utambulisho.

3.3 Uhai

Chanzo cha tatu huchelewa kuonekana. Singletoni huishi muda wote wa programu. Dirisha likijiandikisha kwa mkono katika tukio la singletoni na lisijiondoe linapofungwa, singletoni huendelea kulishikilia. Madirisha yaliyofungwa hujilimbikiza katika kumbukumbu, na kila badiliko huamsha msimbo wa skrini ambazo mtumiaji hazioni tena.

4.0 Tathmini

Je, singletoni ilaumiwe? Gamma mwenyewe alisema katika mahojiano ya mwaka 2009 kwamba angependa kuiondoa katika orodha. Makala haya hayaendi mbali hivyo. Haja ya kuwa na ghala moja ni halali. Duka lenye hesabu mbili za dawa zileile halina hesabu. Kasoro imo katika kazi ya pili ya ruwaza, yaani kufikiwa kutoka popote. Kazi hiyo huficha utegemezi: anayesoma klasi ya dirisha haoni mahali popote panapotangaza kwamba inahitaji Ghala. Majaribio nayo huathirika, maana thamani iliyoachwa na jaribio moja hurithiwa na linalofuata.

Kazi hizi mbili zinaweza kutenganishwa. Kitu kimoja kiundwe programu inapoanza, kisha kikabidhiwe kila dirisha kupitia kiundaji chake. Idadi inabaki moja, lakini utambulisho unaonekana wazi katika msimbo.

5.0 Hitimisho

Uchunguzi wa hitilafu hizi unapaswa kufuata mpangilio: kwanza utambulisho, kwa kulinganisha marejeleo ya vitu kwa ReferenceEquals, pili taarifa, tatu uhai. Kuanza na taarifa kabla ya utambulisho kunaweza kumpotezea mchunguzi siku nzima akirekebisha kitu ambacho skrini haikitazami. Lugha yetu hutumia neno pekee kwa kilicho kimoja na pia kwa kilicho bora, na huenda ndiyo sababu modeli pekee inaaminiwa kirahisi. Umoja wa kitu ni sharti la ukweli wa skrini, lakini hautoshi kuuthibitisha.