Matarumbeta Bila Shaba: Beni Ilivyoundwa

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alilitangazia Bunge kuanzishwa kwa wizara ya utamaduni. Mzaliwa huyo wa Butiama alisikitika kwamba wasomi walijua rumba na chachacha kuliko gombe sugu, kiduo au lelemama. Ajabu ni kwamba lelemama yenyewe, ngoma ya wanawake wa pwani, ilikuwa imekopa mengi kutoka bendi ya kijeshi. Vikundi vyake vya Mombasa vilikuwa na sare, vyeo na maandamano ya kushindana, kwa mtindo wa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi.

Beni ilizuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Mifano ya kuiga haikuwa mbali: Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi ya wanamuziki wa Kigoa, na majeshi ya wakoloni yalipita mitaani yakipiga matarumbeta na ngoma. Mombasa ikapata makundi hasimu, Kingi na Scotchi. Huku bara yakavuma Marini na Arinoti. Vita Kuu ilipokwisha mwaka 1918, askari na wapagazi walirudi makwao na beni yao. Mwaka uliofuata maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiandika ripoti za wasiwasi juu ya vijana waliojiita majenerali na wafalme.

Maofisa hao waliangalia vyeo. Jambo gumu zaidi lilikuwa sauti: watu wasio na fedha ya vyombo vya shaba waliundaje bendi?

Tarumbeta ya kisasa ni chombo cha ufundi mwingi. Bomba la shaba lisilo na vali hutoa noti chache tu, na mpigaji huzibadilisha kwa kukaza au kulegeza midomo. Ndiyo maana buruji la kambini hurudia noti zilezile chache. Vali, zilizosajiliwa Berlin mwaka 1818, ziliongeza urefu wa bomba kwa kubonyeza: ya kwanza hushusha sauti nusu-toni mbili, ya pili moja, ya tatu tatu. Kwa vidole vitatu mpigaji akapata noti zote. Lakini vali hutaka mafuta, na ikikwama kwa vumbi, chombo kizima kimekwisha kazi.

Beni ilichambua bendi ya jeshi na kuchukua kile kinachobebeka. Ngoma kubwa ya kushika hatua ilichongwa hapahapa. Gwaride halikugharimu kitu zaidi ya mazoezi. Palipopatikana shaba ilipigwa; palipokosekana, kazi ya tarumbeta ilipewa kitu kingine.

Suluhisho la kijanja kuliko yote liko kando ya Ziwa Nyasa, katika ngoma za mganda za Wanyasa na za malipenga za kaskazini mwa Malawi. Kibuyu hutobolewa, kisha tundu moja huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mpigaji hapulizi kama mpiga tarumbeta; anaimba ndani ya kibuyu. Utando hutetemeka, sauti ya mtu ikageuka kuwa ya mkwaruzo unaong'aa kama shaba. Kwa kuwa noti zinatoka kooni, hakuna haja ya vali: chochote kinachoimbika kinapigika. Vibuyu vidogo hubeba sauti za juu, vikubwa hunguruma besi. Tando za namna hiyo hazitoki kiwandani, na zikichanika hubadilishwa jioni hiyohiyo.

Katika ukanda wa Ziwa Victoria, ufumbuzi ulikuwapo kabla ya mkoloni. Makondere ya Buganda, Bunyoro na Buhaya ni pembe na vibuyu vinavyopulizwa ubavuni. Kila kimoja kina noti yake, na wapigaji hupokezana hadi wimbo ukamilike. Hakuna anayebeba wimbo peke yake. Huko Rorya, mkoani Mara, Wajaluo nao wanayo oporo, pembe ya kupulizwa ubavuni. Malighafi, basi, haikuwahi kuwa tatizo kwa mkoa wa wafugaji kama Mara.

Tofauti kati ya njia hizi huonekana pale mtu anapokosekana. Mpiga makondere mmoja akiugua, noti yake inapotea na wimbo unatoboka. Tena makondere yalitegemea ikulu: falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, yalipoteza mwenyeji wake mpaka zilipofufuliwa mwaka 1993. Kikosi cha vibuyu vya utando kikipungukiwa na watu wawili kinapungua sauti tu, wimbo unabaki mzima.

Matarumbeta ya harusi yanayotangulia magari ya maharusi katika miji ya Tanzania yamechagua njia ya tatu. Tarumbeta moja hubeba wimbo ambao barabara nzima inaujua, ya pili huijibu, tromboni ikipatikana hushika besi, na ngoma hujaza mapengo yote. Kikundi kinaenea nyuma ya pikapu. Vali ikikwama katikati ya safari ya kwenda ukumbini, wapiga ngoma huongeza kasi na wasindikizaji humalizia wimbo kwa midomo yao.