Siri Siyo Ugonjwa: Kusoma Dust Nikiwa Isiolo

Nimesoma Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikiacha kitabu katikati, na wiki chache baadaye nikakiacha chuo chenyewe. Mara ya pili nilikisoma hapa Isiolo, kwenye benchi nje ya chumba cha mshauri nasaha, nikingoja kuitwa. Ni usomaji huo wa pili ulionigombanisha na riwaya ninayoipenda.

Wengi wenu mnaijua hadithi. Odidi Oganda anapigwa risasi na polisi Nairobi, Desemba 2007, nchi ikiwa kwenye uchaguzi. Dada yake Ajany, msanii, anarudi kutoka Brazil. Mwili unapelekwa Wuoth Ogik, nyumba ya familia huko kaskazini kwenye ukame. Akai, mama yao, anashindwa kustahimili na kuondoka. Nyipir, baba yao, aliwahi kuwa polisi na ana mambo aliyoapa kutoyasema. Halafu anafika Mwingereza, Isaiah Bolton, akimtafuta baba yake. Riwaya ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2015, na kila anayeisifu huisifu kwa kuvunja kimya cha Kenya.

Hapo ndipo ninapokwama. Katika kitabu hiki kila kidonda kina siri ndani yake, na siri ikitoka kidonda kinaanza kufunga. Unasoma kama mpelelezi: nani alimuua nani, Akai alipoteza nini kule jangwani. Kurasa zinaenda mbio kwa sababu unataka kujua. Sawa, lakini kiwewe nilichonacho mimi hakiko hivyo.

Nilipoketi mbele ya mshauri sikuwa na siri yoyote. Kaka yangu aliuawa na wezi wa mifugo nikiwa kidato cha tatu. Mtaa mzima unajua. Habari ililetwa usiku na mtu wa bodaboda. Nilisimulia yote kwa dakika kumi, nikadhani basi, nimepona. Usiku huo sikulala hata kidogo. Wiki iliyofuata mshauri hakuniuliza kuhusu kaka. Aliniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, na nikisikia pikipiki usiku mwili wangu unafanya nini. Wiki ya nne bado tulikuwa kwenye pikipiki. Nakubali, hakuna riwaya inayoweza kumvumilisha msomaji wiki nne za pikipiki. Lakini Dust inapotuaminisha kwamba kusema ndiko kupona, inatupa matumaini ambayo mtu akiyabeba hadi kwa mshauri atavunjika moyo mapema, ata asirudi tena.

Kuna jambo lingine. Nyanya yangu, tuliyemwita akko, alikuwa msichana Garba Tulla wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Serikali iliwakusanya watu kwenye vijiji chini ya ulinzi, na mifugo mingi ikaangamia. Waborana wa Waso wanauita wakati huo Gaafa Daaba, wakati mambo yaliposimama. Hakuna anayeuficha. Akko alikuwa anausimulia akichemsha chai, majirani wakichangia. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Indemnity Act, sheria ya kuwakinga watu wa serikali wasidaiwe kwa waliyotenda kaskazini wakati huo, Isiolo ikiwemo. Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yake, na mateso ya kaskazini yamo ndani. Akko alizungumza maisha yake yote na hakuna aliyemjibu. Kimya kilikuwa cha upande ule mwingine. Kwa hiyo nikisikia ati watu wa kaskazini wanahitaji kujifunza kufunguka, nashangaa. Wamefunguka sana.

Mbona basi bado nakipenda kitabu? Kwa sababu ya Nyipir na mawe yake. Kabla siri yoyote haijatoka, mzee anamjengea mwanawe kaburi, jiwe juu ya jiwe, kwa mikono yake. Baba yake na kaka yake walienda vitani Burma wasirudi, na miaka yote ametamani kwenda huko kuwatafuta. Hajawahi kuwa na kaburi la kulitunza. Sasa analo la mtoto wake. Hapo Owuor haelezi kitu, anamwacha mzee afanye kazi, na kurasa hizo zinajua kuhusu maumivu kuliko ufichuzi wote unaokuja baadaye.

Nilimweleza mshauri kuhusu hayo mawe. Akaniuliza kama nimewahi kufika kwenye kaburi la kaka. Nilikuwa sijafika. Miaka sita!

Nilienda Jumamosi moja, kwa gari la kwanza la asubuhi. Kitabu kilikuwa kwenye mkoba na sikukitoa. Niliomba dua, nikayarudisha mawe mawili yaliyokuwa yameanguka pembeni, nikakaa hadi jua likawa kali. Pikipiki bado zinanishtua, lakini sasa narudi kulala.

Kisome Dust. Ila ukifika kwa Nyipir na mawe yake, usikimbilie siri.