Mnakili na Kamera

Kuhifadhi maandishi ya kale si kazi ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya mitambo ya kupiga chapa kuenea, utenzi uliishi kwa kunakiliwa. Aliyeupenda aliazima daftari, akaketi na kalamu ya mwanzi, akauandika upya ubeti baada ya ubeti kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi yapata mwaka 1858. Kama utenzi huo unasomwa shuleni hata leo, ni kwa sababu walikuwapo watu walioona kuwa unastahili kunakiliwa na kuhifadhiwa moyoni.

Siku hizi kazi ya mnakili imehamia kwenye kamera na kompyuta. Jumuiya ndogo ndogo, za msikiti, za chuo au za ukoo, hutoa miswada kashani, huipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa watu wanaojitolea, na kuziweka picha hizo katika hifadhi ya kidijitali. Ni juhudi ya kusifiwa, kwani mchwa na unyevu wa pwani havingoji. Lakini sifa peke yake si uhakiki. Inatupasa kuuliza: baada ya picha kupigwa, ni nini hasa kilichohifadhiwa?

Tutazame mfano wa Msikiti wa Riyadha wa Lamu, kituo cha elimu kilichotokana na kazi ya Habib Swaleh. Miswada yake zaidi ya 100, iliyo mingi kwa lugha ya Kiarabu, ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa nyaraka zilizo hatarini ulioanzishwa mwaka 2004 katika British Library ya London. Kanuni ya mpango huo ni kwamba nakala asili haiondoki katika nchi yake. Picha ndizo zinazosafiri. Jambo hili si dogo. Zamani mambo yalikuwa kinyume: karatasi za mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, alizozikusanya William Taylor, zimo London hadi leo. Si ajabu basi kwamba wenye miswada wengi husita kumfungulia mgeni sanduku la marehemu babu yao.

Hata hivyo, picha iliyowekwa ng'ambo haitoshi. Mnamo Oktoba 2023 mitambo ya British Library ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi mingi. Jumuiya isiyobaki na nakala yake mikononi hujikuta ikibisha mlango wa mtu mwingine ili kuomba mali yake. Nazo picha zenyewe hufa: diski huharibika, programu hupitwa na wakati. Kwa hiyo hata picha haina budi kunakiliwa tena na tena, kama daftari la kale.

Kasoro kubwa zaidi iko kwingine. Mnakili wa zamani hakuweza kunakili bila kusoma. Kamera hunakili bila kusoma. Kazi mbili zilizokuwa moja sasa zimetengana, na ile ya pili mara nyingi hukosa mtu.

Wasiozijua herufi hizo huenda wasione uzito wa jambo hili. Katika maandishi ya kale herufi moja ilisimama badala ya sauti za *b* na *p*, na mara nyingi ilisimama hata badala ya *mb*. Hivyo maneno *pata*, *bata* na *mbata* yangeweza kuandikwa kwa namna moja. Anayeyatenganisha ni msomaji anayeijua lugha, vina na mizani, na habari inayosimuliwa. Mashairi ya Muyaka yanathibitisha hayo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa hakumpa Taylor maneno matupu; alimweleza pia visa vilivyoyazaa mashairi hayo. Diwani ilipochapishwa na Hichens mwaka 1940, wasomaji walinufaika na kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua, aliyekuwa amefariki miaka 50 nyuma. Bila yeye, mengi yangebaki mafumbo.

Kwa hiyo wanaojitolea wasiwe wapiga picha tu. Kila mswada uandikiwe maelezo: ni wa nani, umetoka mtaa gani, ulinakiliwa na nani. Mzee anayeuweza ausome kwa sauti, na sauti yake irekodiwe. Kisha maneno yahamishiwe katika herufi za Kilatini bila kusahihishwa kwa Kiswahili sanifu. Kijana atakayeona *mato* mwishoni mwa kipande, akaandika *macho*, atadhani amesaidia, kumbe amevunja kina kilichokuwa kikilingana na *moto*, na amefuta lahaja ya mtunzi. Wala si kila karatasi ni ya kutandazwa mbele ya umma. Mikataba ya mirathi na siri za tiba zina wenyewe, na ridhaa yao iombwe kwanza.

Walimu na wanafunzi wa sekondari wana nafasi katika kazi hii. Darasa moja likishirikiana na mzee mmoja juu ya utenzi mmoja, litajifunza lahaja, historia na ushairi kwa mara moja, na utenzi huo utapata wasomaji wapya. Kamera zinazidi kuwa nyingi. Wazee wanaozisoma herufi hizo wanapungua, na ujuzi wao hauuzwi dukani. Mwenye haraka na aanze na wazee.