Faili iliyokatikia njiani 'hairejelewi'

KITENZI 'rejelea' kimebebeshwa mzigo usio wake. Tunasoma kwamba wanafunzi 'wamerejelea masomo', na sasa mafundi wa kompyuta nao 'wanarejelea' uhamishaji wa faili uliokatika kati ya seva mbili za nyumbani. Je, wanaanza upya ama wanaendelea pale ulipokatikia?

Utata huu una gharama. Chukua rsync, programu ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras iliyotolewa mwaka wa 1996. Mtandao ukipotea katikati ya kazi, kwa kawaida programu hiyo hukifuta kipande cha faili kilichokwisha kufika. Ukiipa agizo '--partial', hukihifadhi, kisha ukiiendesha tena hukitumia kama msingi. Agizo '--append-verify' huongeza kilichosalia mwishoni, halafu huikagua faili nzima.

Sasa mwambie mtu 'arejelee' kazi hiyo. Akielewa 'arudie', atafuta gigabaiti 40 za picha za familia zilizokwisha kufika na kununua bando nyingine bure bilashi.

Kurejelea ni kurudi kwenye jambo ili kulitazama au kulitaja: tunarejelea kamusi, tunarejelea barua. Anayetupa kipande cha awali 'anaanza upya'. Anayekihifadhi 'anaendeleza'. Vitenzi hivyo tunavyo, na hata mtoto anavielewa. Mbona basi tumwache msomaji akikisia?